Neno Lisilo na Ishara

Mashabiki ndio waliompachika jina la Mama Bendera, naye akalizoea mpaka mama mkwe wake akawa anamwita hivyo hivyo nyumbani. "Mama Bendera, chai inapoa," bila hata kutabasamu. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, mama mkwe akikata vitambaa sakafuni, yeye akikanyaga cherehani. Lakini Jumamosi alivaa kaptura nyeusi na soksi ndefu, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu ampe macho makali na moyo usioyumba, kisha akaenda kusimama mstarini kwenye mechi za ligi kuu.

Ishara zote alikuwa nazo mkononi. Bendera juu kisha mbele, mtu ameotea. Bendera chini kuelekea kibendera cha pembeni, kona. Bendera ikitikiswa, kuna rafu ambayo refa hakuiona. Aliyemfundisha ni refa mkongwe aliyeitwa Mwalimu na kila mtu, kwa kuwa nusu ya waamuzi wa ligi walipitia mikononi mwake. Mwalimu aliwapanga uwanjani jua likiwaka, akawazungusha na bendera mpaka mabega yakalia. Miaka tisa Mama Bendera hakuwahi kukutana na jambo la uwanjani lisilo na ishara yake.

Jumamosi hiyo alikutana nalo dakika ya ishirini.

Timu ya nyumbani ilikuwa na nahodha aliyecheza beki ya kushoto, kipenzi cha watu, uso wake umebandikwa kwenye mabango barabarani juu ya maneno "Mpira ni Heshima". Kitambaa cha mkononi kilikuwa na maneno hayo hayo. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kumkaba winga wa kulia wa timu ya wageni, kijana aliyetoka nchi nyingine, mweusi kuliko wote waliokuwa uwanjani, mwenye mbio za kutisha. Alikuwa ameshampita Nahodha mara tatu, na mara ya tatu Nahodha alikalia makalio na jukwaa likacheka.

Mpira ukatoka nje mbele ya Mama Bendera. Nahodha akainama kana kwamba anavuta soksi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "Wewe nyani. Kwenu miti imekwisha?"

Winga akasimama. Hakumtazama Nahodha. Alimtazama Mama Bendera, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

"Dada, umesikia?"

Alikuwa amesikia. Alisikia kama mtu anavyosikia sahani ikivunjika chumba cha pili. Mkono wake ukakaza mpini wa bendera, ukangoja amri, na amri haikuja, kwa sababu hakukuwa na ishara ya neno. Hakuna aliyemfundisha bendera ya neno inapandishwa pembe ipi.

"Cheza mpira, kaka," akasema.

Winga akacheza. Mama Bendera akabonyeza kifaa cha mawasiliano kumwita Mwalimu, aliyekuwa refa wa mechi hiyo. "Mwalimu, Nahodha anamtukana huyu winga."

"Anamtukana nini?"

"Anamtukana tu. Vibaya."

"Matusi ya uwanjani hayo, mwanangu. Angalia mstari wako."

Naye akaangalia mstari wake. Jambo lililokuja kumtia kinyaa baadaye, kuliko hata lile neno, ni kwamba wakati ule alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani pa mwenzake.

Nahodha alipoona kimya, akanogewa. Kila refa alipogeuka mgongo alijikuna kwapa na kutoa mlio mdogo wa kooni. Jukwaa la nyuma ya Mama Bendera likauokota mlio ule. Kwanza wawili watatu, kisha safu nzima, hoo, hoo, hoo, kila winga alipogusa mpira. Mama Bendera hakuruhusiwa kugeuka, lakini mpira ulipotoka nje aligeuka, akaona. Alitarajia kuona wahuni. Aliona baba mmoja amembeba bintiye mabegani, anamshika mikono na kumfundisha kujikuna. Aliona mwanamke aliyevaa vizuri, chungwa mkononi, maji ya chungwa yakimchuruzika kidevuni kwa kucheka. Watu safi, wenye soksi na saa. Harufu ya jasho na maganda ya machungwa ikampanda puani.

Dakika ya arobaini na moja, mpira ukiwa upande mwingine kabisa, Nahodha akasogea sikioni kwa winga akasema jambo. Winga akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Nahodha akaanguka ameshika uso, akabingirika kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Na bendera ikapanda. Hata Mama Bendera hakujua ameipandisha saa ngapi. Miaka tisa ya kutikisa ilimfanya mkono utikisike wenyewe, maana kusukuma kuna ishara.

Mwalimu akaja mbio. "Nini?"

"Amemsukuma. Kwa nguvu. Mpira ulikuwa mbali."

Yote yalikuwa kweli. Mwalimu akachomoa kadi nyekundu.

Winga hakubishana. Alipita mbele ya Mama Bendera akielekea nje, akasimama sekunde moja, akaitazama bendera, si uso wake, bendera, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kilichompoteza njia. Kisha akaenda zake huku jukwaa likimsindikiza kwa hoo, hoo.

Kipindi cha pili Mama Bendera alifanya kazi nzuri kuliko siku zote. Aliona mtu aliyeotea kwa nusu kiatu. Jukwaa likampigia makofi. Kila kofi lilimpaka kitu mwilini. Timu ya nyumbani ikashinda moja bila.

*

Chumba cha waamuzi kilikuwa na rangi ya kijani mpaka kiunoni mwa ukuta, bomba linalovuja, na meza yenye mguu mfupi uliowekewa orodha za wachezaji zilizokunjwa. Kilinuka dawa ya kuchua misuli. Kamisaa wa mchezo, mzee mwembamba mwenye koti lisilovuliwa hata kwenye joto, alikuwa ameshaketi na kitabu cha ripoti mbele yake, kile cha kurasa mbili mbili zenye karatasi ya kaboni katikati.

"Andikeni, wanangu," akasema. "Mgongo wangu una mpaka."

Utaratibu wa ligi ulikuwa huu. Ripoti huandikwa ndani ya saa moja baada ya mechi. Kila mwamuzi huandika kwa mkono wake alichokiona na alichokisikia. Matusi huandikwa kama yalivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu. Kisha husomwa kwa sauti mbele ya mameneja, manahodha, na mchezaji aliyetolewa, na kila aliyeandika hujisomea mwenyewe. Halafu hufungwa kwa lakiri. Kisichokuwemo hakikutokea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye kanuni. Kwa desturi, waamuzi wote waliandika "lugha isiyo ya kiungwana" na kusoma kwa kunong'ona. Mama Bendera mwenyewe alishaliandika fungu hilo la maneno mara nyingi, kwa mwandiko mzuri. Leo alilikumbuka akaliona kama mkeka uliotupwa juu ya matapishi.

Meneja wa wageni alichungulia mlangoni, kofia mkononi. "Kamisaa, naomba mjue tu. Hii ni nyekundu yake ya pili msimu huu. Akifungiwa, klabu haimsubiri. Nafasi za wachezaji wa kigeni kwetu ni tatu. Jumatano anapanda ndege kurudi kwao."

"Tumekusikia, meneja. Subiri nje."

Mlango ukafungwa. Mwalimu akavuta kiti karibu na Mama Bendera. Alikuwa amevua viatu na soksi, vidole vyake vyeupe vimekunjamana kwa jasho.

"Andika ulichokipandishia bendera," akasema taratibu. "Kusukuma. Mistari miwili, tukaoge."

"Na alichoambiwa?"

"Nilikisikia mimi?"

"Nilikisikia mimi, Mwalimu."

"Dakika ya ngapi?"

"Ya ishirini. Na nyingine baada ya hapo, sikuzihesabu."

"Haya. Kamati itakuuliza, wewe uliyesikia dakika ya ishirini, ulifanya nini mpaka ya arobaini na moja? Utawajibu nini?"

"Kwamba nilimwambia acheze."

"Na wakikuuliza ulimwambia nani mwingine?"

Mwalimu akatabasamu kwa huzuni, kama alivyokuwa akitabasamu mwanafunzi anapokosea hatua.

"Unaona? Unanichimbia mimi na kujichimbia wewe. Jumamosi ijayo ni fainali ya kombe, mwanangu. Miaka ishirini na minane, imebaki filimbi moja nistaafu. Nimekuombea na wewe uwe mstarini. Tuharibu yote kwa mdomo wa mtu? Neno halivunji mguu."

"Limemvunjia kazi."

"Kakivunja mwenyewe kibarua chake, kwa mikono. Wenzake wangapi wanaitwa hivyo kila wiki na wanacheza?"

Alikuwa anamsema kwa upole. Huo upole ndio uliomkaa Mama Bendera kooni kama mafuta yaliyoganda. Alimpenda mzee huyu. Alimwombea kila usiku pamoja na watu wa nyumbani kwake. Sasa alitazama vidole vile vyeupe juu ya sakafu yenye maji akatamani kuhamisha kiti.

Akafumba macho. Hakupiga magoti, maana Kamisaa alikuwa anamtazama. Alisema moyoni tu, Mungu wangu, unijalie. Hakusikia sauti. Alimwona tu winga akiuliza, na akajiona mwenyewe akijibu, na akajua kwamba aliyeulizwa dakika ya ishirini si refa.

Akachukua kalamu.

Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi. Alipofika kwenye neno lenyewe, kalamu ikasimama. Alilijua neno hilo tangu kitabu cha darasa la kwanza, jina la mnyama, na mchoro wake wenye mkia. Mnyama hana uchafu wowote. Uchafu ni wa mdomo unaomchukua mnyama na kumbandika mtu, kama karani anavyobandika karatasi kwenye gunia, ili atakayelipokea gunia asihangaike kufungua aone kilichomo. Watu elfu nane leo hawakufungua. Walisoma karatasi wakacheka.

Akaliandika, herufi baada ya herufi, akikandamiza ili lifike ukurasa wa chini.

*

Waliingia wakabanana. Meneja wa nyumbani na simu zake mbili. Nahodha, ameoga, ananukia sabuni, kitambaa cha heshima bado mkononi. Meneja wa wageni na nahodha wake. Winga aliingia wa mwisho, begi begani, akasimama karibu na bomba linalovuja.

Mwalimu akasoma sehemu yake kwa kunong'ona, akafika "kadi nyekundu, mchezo wa nguvu usio wa mpira, taarifa ya mwamuzi msaidizi", akaketi.

"Aliyeandika asome," Kamisaa akasema.

Mama Bendera akasimama. Akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Dakika ya ishirini nilimsikia nahodha wa timu ya nyumbani akimwambia mchezaji wa wageni maneno haya." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Maneno haya..."

Sauti ikakata. Chumba kikamngoja. Meneja wa nyumbani akaangalia saa.

"Soma, dada," winga akasema kutoka kwenye bomba. "Wewe ulilisikia zima. Nusu sitaki."

Akalisoma zima. Alilitamka mbele ya uso wa aliyebandikwa, na likamwacha na ladha ya sarafu ya zamani mdomoni. Akaendelea upesi kabla hajakata tena. "Mchezaji aliniuliza kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Nilimjibu, 'Cheza mpira, kaka.' Nilimwambia mwamuzi kwamba anatukanwa, lakini sikulitaja neno. Matusi yaliendelea kwa maneno na kwa vitendo, na mashabiki wakayafuata. Sikuchukua hatua. Dakika ya arobaini na moja mchezaji alimsukuma nahodha, nami nikapandisha bendera kwa kusukuma peke yake."

Nahodha akacheka, cheko safi la mtu anayependwa.

"Jamani, si utani huo? Mimi mwenyewe hapa wananiita Twiga, kwa hii shingo. Nimewahi kumsukuma mtu? Mwulizeni kocha. Tunaitana mpaka majina ya mboga." Akamgeukia Mama Bendera, bado anatabasamu. "Halafu na dada naye kalitamka, tena mbele ya wakubwa. Na yeye afungiwe, au kwake ni halali?"

Meneja wa nyumbani akachekea puani.

"Yeye kalisoma," winga akasema. "Wewe ulinipa."

"Nikupe nini, ndugu yangu? Mpira ni mpira."

"Mimi si ndugu yako. Ungekuwa ndugu yangu tungekuwa wote juu ya mti."

Hakuna aliyecheka. Tabasamu la Nahodha likabaki usoni bila kazi, kama taa iliyosahauliwa mchana. Akamtazama refa. "Mwalimu, sema basi. Wewe unanijua."

Kamisaa akainua kichwa. "Mwamuzi. Dakika ya ishirini ulipewa taarifa?"

Mwalimu alikuwa anafuta filimbi kwa kona ya taulo. Aliifuta mdomo, akaifuta tumbo, akaifuta mdomo tena.

"Chombo kilikuwa na mikwaruzo," akasema. "Sikupata neno."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kufundishia, iliyonyooka, isiyo na haraka. Mama Bendera akamtazama usoni akingoja hata kope itikisike. Haikutikisika. Akafikiria ni mara ngapi ameiamini sauti hiyo, na ngozi ikamsisimka kama mtu aliyekuta kitu laini ndani ya kiatu.

"Nitaandika kwamba mwamuzi anasema mikwaruzo," Kamisaa akasema, akaandika. Kisha akawasha kibiriti, akayeyusha lakiri, akagandamiza muhuri. "Ripoti itafika kamati Jumanne. Mpaka hapo mchezaji hajafungiwa, na kwa maandishi haya sidhani watamhukumu kama mhuni. Nahodha, utaitwa, na hicho kitambaa uje nacho, wataulizia maana yake. Na wewe, bibie," akamgeukia Mama Bendera, akapunguza sauti, "Jumamosi ijayo usijiandae. Na nyingine nyingi, nadhani."

"Najua, mzee."

"Mradi unajua. Haya, nendeni, mgongo wangu."

Wakatoka. Mwalimu alipita bila kumwangalia, viatu mkononi. Walikuja kwa gari moja, lake. Mama Bendera akasikia injini ikiwaka nje, ikaondoka.

Akasukutua kwenye bomba linalovuja, akatema, akasukutua tena. Alipoinuka, winga alikuwa bado yuko mlangoni.

"Ile karatasi ya chini," akasema. "Ya kaboni. Inakwenda wapi?"

"Hubaki na aliyeandika. Ya kujitetea kamatini."

"Naomba."

Mama Bendera akasita. Bila nakala ile angesimama mbele ya kamati mikono mitupu, mbele ya Mwalimu na mikwaruzo yake.

"Unataka kumpa mwanasheria?"

"Hapana." Winga akahamisha begi bega la pili. "Kuanzia leo kila mtu ataniuliza. Waandishi, kocha, wenzangu, mama yangu kwenye simu. Alikuambia nini? Alikuambia nini hasa? Kila nikiulizwa itabidi niliseme kwa mdomo wangu, nijiite. Nikilisema mara mia litakuwa langu. Nikiwa na karatasi nitawapa wasome. Mimi nitakaa kimya."

Hilo Mama Bendera hakuwa amelifikiria. Alidhani kuliandika ni kulimaliza. Hakujua kwamba ameliongezea neno maisha, na kwamba kijana huyu ndiye atakayetembea nalo.

Akaichana karatasi polepole kutoka kwenye kitabu kilichoachwa mezani, akifuata mstari wa vitundu, isiharibike. Maandishi ya kaboni yalikuwa ya buluu, yamefifia pembeni, lakini neno lilikuwa limekolea. Akampa.

Winga akasoma yote, mpaka kwenye jina lake yeye Mama Bendera na sahihi. Alirudi juu akasoma tena mstari mmoja, akauwekea kidole.

"Hapa umejiandika mwenyewe."

"Ndiyo."

"Sijakusamehe, dada."

"Sikukuomba. Nitaomba siku nyingine, ukipenda."

Akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa begi, akavuta zipu. Korido ilikuwa ndefu, na mbele kabisa kwenye geti la chuma sauti za mashabiki zilikuwa zinasikika, hoo, hoo, wanamsubiri atoke waendeleze.

Winga akazisikia.

"Kuna mlango mwingine?"

"Upo wa nyuma, wa wafagiaji."

Akafikiri. "Hapana," akasema, "basi letu liko huku," akaanza kutembea kuelekea getini.

Mama Bendera akaokota mkoba wake, akaharakisha mpaka akawa sambamba naye, upande wa mashabiki.